Pichi Kubwa Haileti Mwendo

Nahodha wa kisa hiki hana jina, maana wa aina yake hawakosi katika bandari yoyote kati ya Gazi na Shimoni. Chombo chake ni mashua ya tanga, mbao tupu, urefu wa futi 30 pale inapogusa maji. Hupakia wageni wanaokwenda kutazama matumbawe ya Kisite, na upepo ukikataa, huwasha mashine ya dizeli iliyofungwa ndani.

Kilichomsumbua ni boti za faiba. Zilimpita kila asubuhi, wageni wake wakizitazama. Siku moja akapata propela iliyong'olewa kwenye boti ya kasi, ya shaba nyeusi, inang'aa, bei nafuu. Ya zamani ilikuwa ya inchi 17 kwa 10. Hii ilikuwa 17 kwa 16. Namba ya kwanza ni upana. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga katika mzunguko mmoja, kama skrubu inavyosonga ndani ya mbao. Akaona 16, akaona mwendo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Fundi mzee aliyeletewa kazi ya kuifunga aliishika, akaigeuza, akauliza: "Mwanangu, mashine umeongeza?"

"La, fundi. Ni ile ile."

"Basi hiyo kazi ya ziada ataifanya nani?"

Nahodha akacheka, propela ikafungwa.

Laiti angekaa chini akapiga hesabu. Mashine yake ikifunguliwa yote huzunguka mara 2,800 kwa dakika, na giaboksi hugawa kwa mbili, hivyo shafti huzunguka mara 1,400. Kwa pichi ya inchi 10, huo ni mwendo wa maili 11 na ushei za baharini kwa saa, kama maji yangekuwa kitu kigumu. Lakini maji huteleza, na kwa chombo kizito kupoteza asilimia 40 ni jambo la kawaida. Hubaki maili 7 hivi, na mashua ya futi 30 haina zaidi ya hapo: ukiisukuma kupita kiasi hicho, inapanda wimbi la omo yake yenyewe na kula mafuta bure. Pichi ya 16 iliahidi maili 18 kwa chombo ambacho mwisho wake ni saba.

Mambo yalidhihirika msimu wa kaskazi, akirudi Gazi kutoka Shimoni na mabaharia wake, bila wageni. Upepo ulikuwa wa omo, tanga limetuliwa, mashine imefunguliwa yote. Mshale wa kipima mzunguko ulisimama kwenye 2,000, haukupanda tena. Kwa kuwa mzunguko haukutimia, mashine ilizidi kumwagiwa mafuta, hewa ya kuyachoma haikutosha, na moshi mweusi ukatanda nyuma. Walipofika usawa wa Msambweni joto lilikuwa limepanda hadi mashine ikazimika, na mawimbi ya mwambani yakionekana upande wa pwani. Wakatweka tanga upesi, wakageuza chombo, wakarudi Shimoni kwa pepo za tezi. Tanga ndilo lililowaokoa. Mashine ilihitaji matengenezo yaliyozidi mara nyingi bei ya ile propela.

Funzo lake ni hili. Propela ni ya chombo chako, mashine yako na giaboksi yako, vyote vitatu kwa pamoja. Ya jirani haikuhusu. Kabla ya kununua, soma kibati cha mashine ujue mzunguko wake wa mwisho, jua giaboksi inagawa kwa ngapi na shafti inazunguka upande gani. Pima pia nafasi kati ya ncha za mapanga ya propela na ubao wa chombo: acha angalau sehemu moja kwa kumi ya upana wa propela, vinginevyo chombo kitatetemeka. Anayetembea kwa tanga zaidi ya mashine afikirie mapanga mawili, yanayoweza kusimamishwa wima nyuma ya fashini yasizuie maji. Matatu husukuma vizuri zaidi lakini huburuza tanga linapovuta.

Kisha jaribu. Pakia mzigo wako wa kawaida, tafuta maji ya kina yaliyotulia, fungua mashine yote. Mshale usipofika kwenye mzunguko wa kibati, pichi ni kubwa: ipunguze, kwani kwa kadirio la mafundi kila inchi hubadili mizunguko kama 150 hadi 200. Ukipita kwa wepesi, pichi ni ndogo: iongeze. Ukifika hapo hapo, bila moshi mweusi, umepata propela yako. Na fundi akikuuliza swali kabla ya kushika spana, lijibu kwanza.