Gugu Karoti Lina Kosa Gani?

Kandokando ya barabara inayotoka Arusha mjini kwenda Kisongo huota mmea wenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe. Ni gugu karoti, lenye asili ya Amerika, lililogunduliwa Arusha mwaka 2010. Shina moja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Kemikali zake hudumaza mimea jirani, ng'ombe wakilila maziwa huwa machungu, na anayeling'oa mikono mitupu huweza kupata upele, hata pumu. Lakini anayeamini kwamba kila kiumbe kimetoka kwa Mungu ana haki ya kuuliza: nani ametupa ruhusa ya kuliangamiza?

Kosa lake haliwezi kuwa ugeni. Kahawa ya miteremko ya Meru asili yake ni Ethiopia, migomba ilitoka Asia, na mijakaranda inayotia zambarau mitaa ya Arusha ni ya Amerika Kusini. Tukihukumu kwa asili, hata makande hayabaki mezani, maana mahindi na maharage yote yalivuka bahari. Tofauti ni kwamba gugu karoti kwao lina wadudu wanaolila na kulizuia. Sisi tulibeba mbegu, wadudu tukawaacha. Tulizibeba katika tope la magurudumu, katika mchanga wa ujenzi, katika nafaka isiyopepetwa vizuri. Mmea hauna dhambi. Mizani tumeiharibu sisi, na kuling'oa si kuliadhibu bali ni kulipa deni letu. Kurani humwita mwanadamu khalifa, na Mwanzo humweka bustanini ailime na kuitunza. Kote humo yeye ni mdhamini tu, mali si yake.

Wapo wasemao mbegu zimesafiri tangu zamani kwa upepo na ndege, na maumbile yatajisawazisha yenyewe. Ni kweli zimesafiri, lakini lori moja huweza kushusha kwa siku moja mbegu nyingi ambazo ndege wasingezileta kwa haraka hivyo. Huenda maumbile yatajisawazisha, ila mfugaji aliyepoteza malisho mwaka huu hana karne za kusubiri, wala nyasi zilizokwisha kusongwa hazina. Na kama hili ni deni, haifai kumwachia mama wa Arumeru mwenye jembe alilipe peke yake. Mwenye lori la mchanga naye anadaiwa kuosha magurudumu yake, na wanaosimamia barabara wanadaiwa kuling'oa kingoni kabla halijachanua.