Jiwe la Usoni: Chombo au Hirizi?

Asubuhi za Julai, ukungu wa Magamba hushuka kutoka msituni hadi usawa wa mabati, na ngozi ya uso hupauka kabla chai haijachemka. Huku Usambara, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mafuta ya kujipaka huhesabiwa kundi moja na sweta. Jiwe la gua sha, lile la Kichina la kukandia uso, likitolewa mkobani saa hizo huwa la baridi kweli, na anayelijua hulifumbata kiganjani kwanza lipate joto. Uso na shingo hupakwa mafuta, kisha jiwe hulazwa karibu bapa na kuvutwa taratibu: kidevuni kwenda sikioni, puani kwenda kwenye panja, mwisho shingoni kushuka chini. Penye chunusi zilizoiva huruka.

Ni kazi ya dakika tano. Lakini huu ni mji wa adhana na kengele. Hapa Magamba ndipo Walutheri walipojenga chuo kikuu chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, na Lushoto nzima ina misikiti kila bonde. Mtu wa dini akiona jiwe la kijani kutoka Uchina likipitishwa usoni kila asubuhi, ana haki ya kuuliza: hiki ni chombo au hirizi?

Wauzaji ndio waliolichokoza swali. Matangazo yao hayaishii kwenye ngozi. Hudai kwamba jedi, jiwe hilo la kijani, hufukuza nishati mbaya na kuleta bahati. Nao hawakuyatunga yote. Mwanamfalme Liu Sheng wa enzi ya Han, aliyefariki mwaka 113 KK, alizikwa ndani ya vazi la vipande 2,498 vya jedi vilivyoshonwa kwa nyuzi za dhahabu, kwa imani kwamba jiwe hilo lingeulinda mwili usioze. Kaburi lake huko Mancheng lilifunguliwa mwaka 1968. Jedi ilikuwepo. Mwili ulikuwa umekwisha zamani.

Gua sha yenyewe ina asili ya chini zaidi ya hapo. “Gua” ni kukwangua, na “sha” ni wekundu unaojitokeza kwenye ngozi. Ilikuwa tiba ya nyumbani: mgonjwa wa homa au maumivu alikwanguliwa mgongo kwa sarafu, pembe ya nyati au kijiko cha kauri mpaka ngozi iwe nyekundu. Kulipitisha jiwe usoni polepole, bila kutafuta wekundu, ni mdogo wake mpole.

Vitabu vya dini zote mbili vina kisa cha kupimia jambo hili. Musa alitengeneza nyoka ya shaba jangwani, na walioumwa na nyoka wakaitazama wakapona. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia aliivunjavunja, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile. Kwa upande wa Waislamu, Khalifa Umar alilibusu Jiwe Jeusi la Makka huku akitamka wazi kwamba analijua kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na asingelibusu kama hakumwona Mtume akilibusu. Hezekia alivunja na Umar akabusu, na wote wawili walikuwa wakilinda mpaka mmoja: mtu anaomba nini, na anamwomba nani.

Kwa kipimo hicho, asili ya Kichina haina kesi. Pwani watu hupiga hijama kwa pembe au kikombe na hakuna anayeiuliza pembe dini yake. Wanywaji wa mwarobaini nao hawajawahi kudai wahesabiwe maradhi yote arobaini. Mtu anaweza kulitumia jiwe bila kuikubali nadharia ya qi, nguvu ambayo waganga wa Kichina husema inatembea mwilini.

Kinachobaki ni kazi ya mkono. Mwaka 2007 mtafiti Arya Nielsen na wenzake walipima watu 11 waliokwanguliwa mwilini, wakaona mzunguko wa damu kwenye ngozi ukipanda mara nne katika dakika saba na nusu za mwanzo. Huo ulikuwa mwili, wala si uso, na watu ni wachache. Usoni, faida ya kuaminika ni ndogo: uvimbe wa usingizi hupungua kwa muda, na taya iliyokazwa hulegea. Mfupa hauchongeki. Rangi haibadiliki, na hiyo afadhali, katika nchi inayopambana na mkorogo wenye zebaki.

Wasambaa lakini wana swali la ndani zaidi. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wakulima wenye fikra wa milima hii, aliyafuatilia maneno mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua, njaa, ugomvi wa watawala na afya ya watu vilisemwa kwa pumzi moja. Katika fikra hiyo, kupona ni shauri la wengi. Hata leo mzazi hukandwa kwa maji ya moto na mama au shangazi, na bibi harusi wa Zanzibar husuguliwa singo na somo wake. Mkono ni wa mwingine, na pamoja na mkono huja maneno, kemeo na utani.

Mwenye gua sha husimama peke yake mbele ya kioo. Hapo ndipo shaka ingefaa kuelekezwa, kuliko kwenye mizimu ya Uchina: starehe iliyokuwa ya kupewa sasa inanunuliwa na kufanywa kimya kimya. Dawa yake si ngumu. Mpe dada jiwe akukande, kisha na wewe umkande.

Wachina wengi husema kipande cha jedi kikipasuka kimempokelea mwenyewe balaa. Jiwe lako likikuponyoka kwenye sakafu ya saruji, jichunguze unasikitikia fedha au unaogopa. Kwa vyovyote lisirudi usoni, maana ukingo uliomeguka hukata ngozi. Kijiko cha kauri kinatosha.