Pumzi Inayorudi

Mpuliza klarineti tunamwona kama mtoaji: pumzi inamtoka kifuani, inapita kwenye bomba, inakuwa wimbo. Nami niliamini hivyo mpaka nilipokaa na hesabu walizochapisha McIntyre, Schumacher na Woodhouse mwaka 1983 kueleza jinsi ala za muziki zinavyotetema.

Waliitazama ala kama vitu viwili, ulimi wa tete na bomba. Kazi ya bomba ni kurudisha. Wimbi la mgandamizo hukimbia kutoka kwenye ulimi hadi mwisho ulio wazi, na pale ambapo ungetazamia litoke lote, sehemu kubwa hugeuka na kurudi ikiwa imepinduliwa. Kinachotufikia masikioni ni kiasi kidogo kilichoponyoka.

Chukua bomba la sentimeta 60. Katika joto la nyuzi 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde, hivyo safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 3.5. Kompyuta inayoiga ala hiyo kwa kukata kila sekunde vipande 44,100 huhesabu vipande 154 hivi kabla jibu la bomba, yaani wimbi linalorudi, halijafika. Basi ndani ya programu bomba zima huwa foleni ya namba 154. (Matundu na mwisho wa bomba uliopanuka huongeza kazi, lakini msingi ni huo.) Namba inayofika mwisho wa foleni hubadilishwa alama, hupunguzwa kidogo kwa sababu ya msuguano wa kuta, kisha hukabidhiwa ulimi. Ulimi hupima msukumo wa mdomo wa mpulizaji pamoja na jibu hilo, ndipo uachie hewa kiasi fulani.

Hapa ndipo fikra zangu hukwama, na sitaki kuzinasua. Tumezoea kutafuta maana kwa msemaji, kana kwamba ameibeba tayari. Noti ya klarineti hakuna aliyeibeba. Inazaliwa pumzi ya sasa inapokutana na ile iliyotangulia, ikakubali kubadilishwa nayo. Wala nguvu peke yake haileti kitu: chini ya takriban theluthi ya msukumo unaofunga ulimi, ala iko kimya; ukizidisha mno, ulimi unajifunga, kimya tena.

Siku moja niliifuta foleni ile kwenye programu, nikaacha ulimi na msukumo kama vilivyokuwa. Hewa ilipita mfululizo. Noti haikutoka.