Waridi la Jangwani kwenye Ndoo ya Rangi

Mama mmoja mwenye duka la vitenge mjini Bariadi alinunua mche wa waridi la jangwani huko Mwanza, kwa kuwa muuzaji alimwambia ua hilo halina usumbufu. Hakudanganywa. Asili yake ni nchi kavu za Afrika na Uarabuni, na lile shina lililovimba ndilo ghala lake la maji. Ila mama alichota udongo mweusi wa mbuga, huu unaotulisha Simiyu kwa pamba na mpunga, akaujaza kwenye ndoo ya rangi isiyo na tundu hata moja, akaupanda mche humo. Akawa anaumwagilia kila asubuhi pamoja na mchicha.

Udongo wa mbuga ukilowa hunata na kukaa na maji siku nyingi, na mizizi ya waridi hili inataka hewa. Ilipofika Juni majani yakageuka manjano, yakapukutika. Hapo ndipo wengi hupotea. Kiangazi mmea huu hupukutisha majani wenyewe ukapumzika, na ukiwa umepumzika hunywa kidogo sana. Mama akaona ni kiu, akaongeza kopo la jioni. Siku alipobonyeza shina, kidole kilizama na uvundo ukatoka.

Jirani yake, mzee wa Meatu, alimkuta anakata sehemu iliyooza kwa kisu cha jikoni. Utomvu ulikuwa umemlowesha vidole, na vipande amevitupa uani wanakopita mbuzi.

"Mwangaluka, mayu. Hicho kisu baadaye utakatia nini?"

"Nyanya za mchuzi, baba."

"Kiweke chini. Nenda kanawe kwa sabuni, na usijishike macho."

Mzee alikulia upande wa Ziwa Eyasi, ambako Wahadzabe huchemsha utomvu wa mmea wa jamii hiyo wakapaka mishale yao. Sumu yake hushambulia moyo. Akaokota vipande kimoja kimoja na kuvifukia. Muuzaji wa miche hakuwa amelitaja hilo, na sidhani kama huwa wanalitaja.

Kukata kwenyewe hakukuwa kosa. Hukatwa mpaka ionekane nyama safi isiyo na doa, kidonda kikaachwa kivulini siku kadhaa kikauke, ndipo mmea upandwe kwenye mchanga mnene wa mtoni wenye kokoto ndogo na samadi kidogo iliyooza. Chungu kiwe na matundu, kikae juani, na maji yasirudi mpaka udongo umekauka kabisa. Mvua zikianza, kiingie chini ya upenu.

Kwa mche ule uozo ulikuwa umeshapanda mpaka shingoni. Lilipatikana tawi moja zima, urefu wa kiganja, likapandwa mchangani. Tawi la namna hiyo huota mizizi na kutoa maua, ingawa aghalabu shina lake halitutumki kama la mche uliotokana na mbegu.