Wale Thelathini na Tisa

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu Muleba. Tuliondoka Bukoba asubuhi na mapema, tukapita Kemondo na Muhutwe, migomba huku na huku, mimi nimepakata karatasi kubwa za kubandika ukutani. Alikuwa anakwenda kuwafundisha uongozi viongozi wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa.

Kwa miaka mingi shangazi alikuwa meneja rasilimali watu wa kampuni moja Dar es Salaam. Sasa ni mwalimu na mshauri wa uongozi. Siku ile alifundisha vizuri: kusikiliza kabla ya kuamua, kusoma mapato na matumizi mbele ya wanachama, kutoifanya ofisi kibanja cha ukoo. Kisha, ili kuonyesha kwamba uongozi una maamuzi magumu, akasema aliwahi kusimamia upunguzaji wa wafanyakazi 41.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao watu wako wapi sasa?"

Shangazi akafikiri. "Ninaojua walipo ni wawili."

Hakuna aliyecheka wala kulaumu. Tukaenda kunywa chai.

Kisheria hana kosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Inataka pia kiinua mgongo cha mshahara wa angalau siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, lakini inaishia miaka 10. Aliyetumika miaka 22 anahesabiwa sawa na wa miaka 10. Shangazi alifuata yote hayo. Swali la mzee halikuwa la sheria.

Mmarekani Robert Greenleaf alifanya kazi AT&T karibu miaka 40, akishughulika na kuwaandaa mameneja. Alistaafu mwaka 1964, akawa mwalimu na mshauri, na mwaka 1970 akaandika insha kuhusu kiongozi kama mtumishi. Kipimo chake ni hiki: je, wanaotumikiwa wanakua kama watu? Na wanyonge kabisa wananufaika, au angalau hawazidi kupoteza? Shangazi hukitaja kipimo hiki katika kila semina. Lakini ndani ya kampuni, nani mnyonge kuliko yule ambaye jina lake limeshafutwa kwenye orodha ya mishahara? Tukiwapima viongozi kwa waliobaki tu, kila mtu atafaulu.

Wapo watakaosema basi aache kufundisha. Sikubaliani. Aliyewahi kutia saini barua zile anajua uzito ambao vitabu havina. Wengine watasema bila barua zile kampuni ingekufa na wote wangekosa kazi. Huenda ni kweli. Lakini uamuzi kuwa sahihi hakufuti deni. Daktari aliyekata mguu kuokoa maisha bado anapaswa kuuliza kama mgonjwa anaweza kutembea. Deni ninalolisema si la fedha. Ni la kujua.

Nami simo nje. Mshahara ule ulinisomesha sekondari. Semina hizi zinanilipia ada ya shahada ya uzamili, na ninachosomea ni usimamizi wa rasilimali watu. Tulipokuwa tunarudi nilikuwa na la kusema, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba shangazi hahojiwi na mtoto wa kaka yake. Ukweli ni kwamba niliogopa kupoteza ada.

Giza lilikuwa linaingia tulipofika Kemondo. Yeye ndiye aliyeanza.

"Yule mzee aliuliza vizuri."

"Ndiyo, shangazi."

Hatukuongeza neno hadi Bukoba. Mwakani nitahitimu, na ofisi ninazotaka kuomba kazi ni kama ile aliyoiacha.