Ukingo Ukianguka, Nani Ataulizwa?

Upareni watu wamechimba ardhi tangu zamani. Mifereji na ndiva za maji zilichimbwa kwa msaragambo, kazi ya wote kwa faida ya wote. Aliyeshika jembe alikuwa pia mwenye maji. Siku hizi, Kisiwani kama kwingineko, mara nyingi achimbaye msingi au shimo la choo ni kibarua, na mwenye shimo husimama juu. Basi ukingo ukimwangukia kibarua, nani ataulizwa?

Wengi husema, “Alikubali mwenyewe,” au, “Ni mapenzi ya Mungu.” Majibu yote mawili yatupasa kuyakataa.

Udongo wa meta moja ya ujazo huzidi uzito wa tani moja. Aliyefukiwa hadi kifuani aweza kukosa pumzi, ijapokuwa kichwa chake ki nje. Na kinga yajulikana: kingo zilazwe kwa mteremko, au zitegemezwe kwa mbao na nguzo, udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni, ngazi iwe karibu, na baada ya mvua shimo likaguliwe kabla ya mtu kushuka. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988 juu ya usalama katika ujenzi wadai kinga hiyo, na Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Linalozuilika kwa mbao chache tusimsingizie Mungu.

Na huko kukubali? Mwenye njaa hukubali mengi. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba masharti magumu anayoyapokea mfanyakazi kwa kusukumwa na shida hayawi haki kwa sababu tu ameyapokea. Ikiwa ndivyo kwa mshahara, si zaidi kwa uhai? Tena Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, ilimtoza fidia aliyeacha shimo wazi, ng’ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia. Mnyama alihesabiwa hivyo, mtu je?

Twajua kwamba wajengao wengi si matajiri, na mbao ni ghali. Lakini asiyeweza kutegemeza kingo aweza kupanua shimo, au kupunguza kina chake. Na akishindwa na hayo yote, na angoje. Nyumba yaweza kungoja mwaka. Gharama ya kumkinga mchimbaji si sadaka apewayo kibarua, bali ni sehemu ya bei ya shimo. Na mwenye kulitaka shimo hana budi kuilipa yote.