Je, Kutazama kwa Subira ni Wajibu?

Macho tumepewa bila kuyanunua, na labda kwa sababu hiyo twayatumia ovyo. Mtu hupita njia ile ile miaka kumi, nawe ukimwuliza mti ulio mbele ya nyumba ya jirani ni mti gani, hana jibu. Ameuona kila siku, wala hajautazama. Basi twauliza: je, kutazama kwa subira ni jambo la kujifurahisha tu wakati wa nafasi, au ni wajibu wa kila mtu mwadilifu?

Yuko mchoraji ambaye kazi yake yatusaidia kulifikiri swali hili. Ni mwanamke, jina lake Vija Celmins, aliyezaliwa Riga, nchi ya Latvia, mwaka 1938. Kwa ajili ya vita jamaa yake walikimbilia Ujerumani mwaka 1944, na mwaka 1948 wakahamia Marekani. Kwa miaka mingi amechora vitu ambavyo wengi huvipita: mawimbi ya bahari, mchanga wa jangwa, nyota za usiku, utando wa buibui.

Kati ya mwaka 1977 na 1982 alifanya kazi ya ajabu. Alitwaa mawe 11 aliyoyaokota New Mexico, akafanyiza mfano wa kila jiwe kwa shaba, kisha akaipaka mifano hiyo rangi, doa kwa doa na mstari kwa mstari, hata ikafanana na mawe yenyewe. Akaweka kila jiwe pamoja na mwenzake. Kazi hiyo aliipa jina ambalo maana yake ni kuithibitisha sura katika kumbukumbu. Jina hilo hilo ndilo lililopewa maonyesho makubwa ya kazi zake peke yake, yaliyofunguliwa San Francisco mwaka 2018, na baadaye yakapelekwa Toronto na New York.

Mwenye haraka aona mawe 22, akaenda zake. Mwenye kukaa aanza kuona shaka: lipi ni jiwe, na lipi ni shaba? Atazama tena, aona nukta asiyoiona kwanza, na ufa mwembamba kama unywele.

Lakini mtu atasema, “Hayo ni mambo ya wenye nafasi. Mwenye jembe mkononi hana saa ya kutazama jiwe.” Twajibu kwamba mwenye jembe aujua ustadi huu kuliko wengi. Mgeni apitapo shambani aona majani mabichi tu. Mkulima aona mhindi mmoja ulioanza kugeuka rangi upande wa bondeni. Kutazama kwake hakukutoka katika utajiri, bali katika kulijali shamba lake.

Mwingine atauliza, “Je, ikiwa mtu ametazama sana, na bado hakulitambua jiwe, amepata faida gani?” Hapo ndipo penye fundisho kubwa. Amejifunza kwamba jicho lake si hakimu wa mwisho. Naye aliyeshindwa kupambanua jiwe na shaba, atapataje kumpambanua mwenzake kwa mtupo mmoja wa jicho? Mtoto asinziaye darasani huitwa mvivu. Kumbe labda alilala na njaa. Kijana akaaye kimya barazani huitwa mwenye kiburi. Kumbe labda ana msiba moyoni. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi hujikwaa upesi pale macho yalipofanya haraka.

Hatusemi kwamba mtu atazame kila kitu kwa muda mrefu. Hakuna awezaye, na kazi zingesimama. Twasema hivi: kadiri hukumu ilivyo nzito, ndivyo kutazama kupasavyo kuwa kurefu. Mwenye kuchagua ukuni wa kupikia na achague upesi. Mwenye kutaka kusema, “Mtu yule ni mbaya,” na akae kwanza, atazame, kisha atazame tena. Akiisha kufanya hivyo bado ana shaka, asione haya kuinyamazia hukumu yake; kwa kuwa shaka ya mtu aliyetazama ina haki ndani yake kuliko yakini ya mtu aliyepita njia.